Vifo vinne visivyo na maelezo katika nyumba moja: uchambuzi wa kisa

Kisa na walengwa wake

Kisa hiki kilitokea New South Wales, Australia, kati ya mwaka 1989 na 2023. Kimeamuliwa mahakamani, na hukumu zake ziko wazi kwa kila mtu. Hata hivyo majina ya mama, baba na watoto nimeyaacha, kwa kuwa familia hii imekwisha kuanikwa vya kutosha. Wanasayansi na wakuu wa tume nimewataja pale tu ambapo kazi yao ya hadharani inahitaji kutajwa. Nawaandikia wauguzi, matabibu, wapelelezi na wanasheria: watu wanaofika mapema pale mtoto aliyelala salama anapokutwa hana uhai na hakuna anayejua kwa nini.

Kwetu Afrika Mashariki, mtoto akifa ghafla na mwingine akamfuata, minong'ono huanza kabla ya tanga kuanuliwa: hapa pana mkono wa mtu. Mara nyingi kidole humwelekea mama, au bibi, au jirani. Kilichonifanya nikichague kisa hiki ni kwamba shaka hiyohiyo, katika nchi yenye maabara na mahakama zenye uwezo mkubwa, ilivaa koti jeupe ikasimama kizimbani kama ushahidi wa kitaalamu.

Usuli

Mtoto wa kwanza, wa kiume, alizaliwa mwaka 1989. Alikuwa na koromeo laini lililomfanya apumue kwa sauti. Alikufa akiwa na siku 19, na kifo kikaandikwa kuwa kifo cha ghafla cha mtoto mchanga.

Wa pili, wa kiume pia, alizaliwa mwaka 1990. Akiwa na miezi minne alikutwa usiku akihangaika kupumua. Aliokolewa, lakini ubongo ulikuwa umeumia: akabaki na kifafa na upofu. Alikufa Februari 1991 akiwa na miezi minane. Cheti kilisema njia ya hewa iliziba kwa sababu ya degedege la kifafa.

Wa tatu, wa kike, alikufa Agosti 1993 akiwa na miezi 10. Alikuwa na mafua siku za mwisho. Naye akaandikiwa kifo cha ghafla cha mtoto mchanga.

Wa nne, wa kike, alizaliwa mwaka 1997. Kwa hofu ya yaliyopita, alifuatiliwa nyumbani kwa mashine ya kupima pumzi usingizini. Akavuka mwaka mmoja, umri ambao familia yenye historia hii huanza kushusha pumzi. Tarehe 1 Machi 1999, akiwa na karibu miezi 19, akafa. Naye alikuwa ametoka kuugua mafua.

Msomaji aelewe maana ya maandishi ya vyeti vile. "Kifo cha ghafla cha mtoto mchanga" hakitaji ugonjwa unaoonekana kwenye darubini. Ni jina linalotolewa mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapokufa, maiti ikachunguzwa, mahali alipokufia pakakaguliwa, historia yake ikasomwa, na sababu isipatikane. Binti wa nne alikuwa amepita umri huo. Kwake jina hilo halikuweza kutumika, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Daktari aliyechunguza maiti ya binti wa nne aliona uvimbe katika misuli ya moyo, ugonjwa unaoweza kuua mtoto kwa ghafla. Hakuona alama yoyote ya kunyongwa wala kuzibwa pumzi. Lakini alijua kwamba watoto watatu walikwisha kufa katika nyumba hiyo. Badala ya kuandika kwamba moyo ndio uliomuua, aliandika kuwa sababu haikuweza kubainishwa.

Polisi walianza upelelezi. Shajara za mama zilifikishwa mikononi mwao. Ndani yake mama alijilaumu: aliandika kuwa alikuwa na hasira za haraka, kuwa alihofia binti wa nne angemwacha kama alivyomwacha wa tatu, na kwamba wa tatu aliondoka kwa kusaidiwa kidogo. Hakuna mahali alipoandika kuwa ameua.

Alikamatwa mwaka 2001. Kesi ilisikilizwa mwaka 2003 mbele ya baraza la wananchi wanaoamua hatia. Tarehe 21 Mei 2003 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watoto watatu, kuua bila kukusudia kwa mtoto wa kwanza, na kumjeruhi vibaya mtoto wa pili usiku ule alipookolewa. Alihukumiwa miaka 40. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ilipunguza kifungo kuwa miaka 30.

Mwezi mmoja kabla ya kutiwa hatiani, Aprili 2003, wanasayansi walitangaza kukamilika kwa mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote. Chombo ambacho kingekuja kuifungua kesi kilikuwa kimezaliwa, ila hakuna aliyejua bado namna ya kukitumia hapo.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Upande wa mashtaka haukuwa na shahidi aliyeona wala jeraha. Hoja yake kuu ilikuwa mrundikano: vifo vinne, mama mmoja, naye ndiye aliyewakuta. Wataalamu waliulizwa kama wanafahamu familia yoyote iliyopoteza watoto watatu au zaidi kwa kifo cha ghafla cha utotoni, wakajibu hapana. Mwendesha mashtaka aliliambia baraza kwamba hawezi kuthibitisha kuwa jambo hilo haliwezekani, kama vile hawezi kuthibitisha kuwa siku moja nguruwe hatazaa watoto wenye mabawa.

Fikra hiyo ilikuwa na mizizi nje ya Australia. Nchini Uingereza, daktari wa watoto Roy Meadow alikuwa amesambaza kanuni kwamba kifo kimoja cha ghafla ni msiba, viwili vinatia shaka, na vitatu ni mauaji mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 1999 alitoa ushahidi dhidi ya mwanasheria mmoja aliyepoteza watoto wawili, akasema uwezekano wa vifo viwili vya aina hiyo katika familia kama yake ni 1 katika milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua 1 katika 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe. Chama cha wanatakwimu cha Uingereza kiliipinga hadharani mwaka 2001, na Januari 2003 mama yule aliachiwa huru. Miezi minne baadaye, huko Australia, hoja ileile ilishinda bila hata namba kutajwa.

Si haki kusema kwamba kila aliyeshuku alikuwa na moyo mbaya. Marekani ilikuwa imepata somo la upande wa pili. Mwaka 1972 daktari Alfred Steinschneider alichapisha makala iliyohusisha vifo vya ghafla vya watoto na kusimama kwa pumzi usingizini. Watoto wawili kati ya wale aliowaeleza walikuwa wa familia moja iliyokwisha kupoteza wengine watatu. Makala hiyo iliongoza tiba kwa miaka mingi. Mwaka 1994 mama yao alikiri kuwaziba pumzi. Baadaye alikanusha ungamo lake, lakini mwaka 1995 alitiwa hatiani kwa mauaji ya wote watano. Huenda madaktari waliokuwa wamejifunza kutoka kisa hicho walikuja kwenye kesi ya Australia wakiwa wameapa kutodanganywa tena. Nawaelewa. Lakini funzo la mgonjwa mmoja haliwi kipimo cha mgonjwa mwingine.

Jeni

Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Denmark lilichapisha, kwa mara ya kwanza, ushahidi kwamba kasoro katika jeni za kalmodulini huweza kusimamisha moyo wa mtoto ghafla. Yaani mpaka mama huyu anamaliza mwaka wa tisa gerezani, hakuna daktari popote duniani aliyekuwa na namna ya kuujua ugonjwa huu kwa jina.

Kalmodulini ni protini ndogo ya asidi amino 149. Kazi yake moyoni ni kuhisi kiasi cha kalsiamu ndani ya seli na kuamuru milango ya kalsiamu ifunge kwa wakati baada ya kila pigo. Mlango ukichelewa kufunga, umeme wa moyo huvurugika, na pigo linalofuata linaweza kuja mahali pasipofaa. Mtoto anaweza kuwa na afya njema mpaka dakika ile homa, mafua au msisimko unapouongezea moyo mzigo, kisha moyo ukatetema badala ya kusukuma damu. Ukimpasua huoni kitu. Moyo wenye kasoro ya umeme, baada ya kufa, una sura ya moyo wowote.

Binadamu ana jeni tatu zinazotengeneza protini hii ileile: CALM1, CALM2 na CALM3. Kila moja tunayo kutoka kwa mama na kwa baba, hivyo nakala ni sita. Mtu angetegemea nakala tano nzima zifunike ubovu wa moja. Hazifuniki. Protini mbovu hukaa kwenye mlango uleule na kuzuia nzima isifanye kazi.

Mwaka 2018 daktari na mtafiti wa kinga ya mwili, Carola Vinuesa, aliyekuwa Canberra, aliombwa na mwanasheria aangalie kama vinasaba vingeweza kueleza vifo hivi. Yeye na mwenzake Todor Arsov walisoma vinasaba vya mama na kukuta badiliko katika CALM2: katika nafasi ya 114 ya protini, asidi amino ya glisini ilikuwa imebadilishwa na ajinini. Badiliko hilo halikuwahi kuripotiwa kwa mtu mwingine.

Swali likawa watoto. Walikuwa wamekufa kati ya miaka 19 na 29 kabla. Hapa ndipo ilipookoa tabia ya kuhifadhi. Hospitali za Australia huchukua tone la damu ya kisigino cha kila mtoto mchanga na kulikausha kwenye kadi, na baadhi ya tishu za uchunguzi wa maiti zilikuwa bado zipo. Vinasaba vya watoto wote wanne vilisomwa. Binti wote wawili walikuwa na badiliko la CALM2. Wavulana hawakuwa nalo.

Tume mbili, majibu mawili

Tume ya kwanza ya kuichunguza upya kesi, chini ya jaji mstaafu Reginald Blanch, ilikaa mwaka 2019. Makundi mawili ya wanasayansi yaliitwa. Lile la Canberra lilisema badiliko hilo huenda ndilo linaloleta ugonjwa. Lile la Sydney lilisema maana yake bado haijulikani. Moyo wa mama ulipimwa, haukuonyesha ugonjwa dhahiri, na yeye alikuwa hai. Mtaalamu wa moyo kutoka Italia, Peter Schwartz, aliwaeleza habari za familia nyingine yenye badiliko katika nafasi hiyohiyo ya 114, ila kwenye jeni ya CALM3: mtoto mmoja alikufa ghafla na mwingine moyo wake ukasimama, ilhali mama yao alibaki hai. Tume haikushawishika. Ilihitimisha kuwa shaka ya msingi haipo, na kwamba maneno ya shajara yanaimarisha hatia.

Wanasayansi walirudi maabara. Michael Toft Overgaard wa Aalborg, Denmark, na wenzake waliitengeneza protini yenye badiliko hilo na kuipima. Ilishindwa kushika kalsiamu ipasavyo na ilivuruga milango ya moyo, kwa ukali unaofanana na mabadiliko mengine ya kalmodulini yaliyokwisha kujulikana kuua. Matokeo yalichapishwa Novemba 2020 katika jarida la magonjwa ya moyo la Europace. Machi 2021, wanasayansi na madaktari 90, wakiwemo washindi wa tuzo ya Nobel, waliomba mama asamehewe.

Tume ya pili iliundwa mwaka 2022 chini ya Tom Bathurst, aliyekuwa jaji mkuu wa jimbo. Tofauti moja kubwa nadhani ndiyo iliyoamua yote: safari hii Akademia ya Sayansi ya Australia iliwekwa kuwa mshauri huru wa kisayansi, ikipendekeza wataalamu wa kuitwa. Wataalamu wa afya ya akili nao walizisoma shajara zote na kueleza kwamba maneno yake ni ya mama aliyefiwa anayejilaumu.

Matokeo

Tarehe 5 Juni 2023 mama alisamehewa na kutoka gerezani siku hiyo, baada ya miaka 20. Tarehe 14 Desemba 2023 mahakama ya rufaa ya jinai ilifuta hatia zote. Mwaka 2025 serikali ya jimbo ilimpa fidia ya dola milioni 2 za Australia, kiasi ambacho mwanasheria wake alisema hakilingani na alichopoteza.

Uchambuzi

Kosa la kwanza kwa uzito, kwa maoni yangu, lilifanyika mezani pa uchunguzi wa maiti, miaka minne kabla ya hukumu. Moyo wa binti wa nne ulikuwa na ugonjwa. Laiti angekuwa mtoto wa kwanza kufa, ugonjwa ule ungeandikwa kuwa sababu. Daktari alikuwa sahihi kuipa historia ya familia uzito. Alichokosea ni kuiruhusu historia ipunguze thamani ya kile ambacho darubini ilikiona. Kisha neno "haikubainishwa" likasafiri hadi mahakamani, na njiani likabadilika maana. Lilitoka likiwa na maana ya "sijui", likafika likiwa na maana ya "si ugonjwa". Mtaalamu wa uchunguzi wa maiti Stephen Cordner, wa Melbourne, alipoyapitia mafaili na kutoa ripoti mwaka 2015, alisema wazi kwamba katika fani yake hapakuwa na ushahidi wowote wa kuunga mkono mauaji. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya jeni kuonekana. Kwa hiyo tusijifariji kwamba tulisubiri sayansi mpya. Shaka ilikuwepo kwenye mafaili yaleyale ya mwaka 2003.

Hesabu nayo ilikosewa katika kiini chake. Kuzidisha uwezekano wa kifo kimoja kwa kingine kunafaa ikiwa vifo havina uhusiano. Watoto wa tumbo moja wana uhusiano. Mama mwenye badiliko katika nakala moja ya CALM2 humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa 1 katika 2. Binti wawili kulipata wote ni 1 katika 4. Linganisha na mamilioni yaliyokuwa vichwani mwa watu. Vifo vingi katika nyumba moja vinapaswa kumfanya daktari aharakishe kutafuta ugonjwa wa kurithi, sambamba na polisi wanaofanya kazi yao, badala ya kumfanya afunge faili la tiba.

Tume ya kwanza ilikwama kwenye maneno "maana yake haijulikani". Katika maabara ya vinasaba maneno hayo ni daraja la muda: badiliko linasubiri kupimwa. Tume iliyasoma kama jibu. Nadhani hapa sheria na sayansi zilipishana bila kuonana, kwa sababu jaji anatakiwa kufunga shauri kwa tarehe fulani na mtafiti hajui atamaliza lini. Kuweka akademia huru kati yao ndiko kulikofanya kazi, na ni jambo ambalo nchi yoyote inaweza kuiga bila gharama kubwa.

Niseme pia kile ambacho kisa hiki hakikuthibitisha. Badiliko la CALM2 haliwaelezi wavulana. Kwa wa pili kuna kifafa kilichoandikwa hospitalini akiwa hai, na wote wawili walikutwa na mabadiliko adimu katika jeni ya BSN, ambayo ikiharibiwa kwa panya huwaletea kifafa cha kuua. Kwa binadamu ushahidi huo bado mchanga. Mahakama haikuhitaji uhakika huo: ilitosha kuwa shaka ya msingi ipo.

Kwa wanaofanya kazi hapa kwetu

Vifo vingi vya watoto Afrika Mashariki vina sababu zinazojulikana: malaria, nimonia, utapiamlo, maambukizi ya siku za kwanza. Lakini wengi huzikwa bila uchunguzi, mara nyingi siku hiyohiyo, na sababu haiandikwi kamwe. Siaya na Kisumu, nchini Kenya, ziko katika mtandao wa utafiti wa CHAMPS, unaochukua vipande vidogo vya tishu kwa sindano muda mfupi baada ya kifo, kwa ridhaa ya wazazi, bila kuupasua mwili. Njia hiyo familia nyingi huipokea pale ambapo upasuaji ungekataliwa.

Pale ambapo hata hilo halipo, kadi ipo. Kliniki zetu za mama na mtoto zimezoea kuchukua damu ya kisigino kwenye karatasi ya DBS (ya kukaushia matone ya damu) ili kupima VVU kwa watoto wachanga. Karatasi ya namna hiyohiyo, ikichukuliwa kwa ridhaa kutoka kwa mtoto aliyekufa ghafla, ikakaushwa vizuri na kutunzwa pakavu, inabaki na vinasaba kwa miaka mingi. Haihitaji maabara ya vinasaba kuwepo leo.

Na walio hai wapimwe. Mtoto akifa ghafla bila sababu, wazazi na ndugu zake waulizwe kama kuna aliyewahi kuzimia akikimbia, akiogelea au akishtuka, na wafanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitali nyingi za rufaa zinacho. Mama wa kisa hiki alikuwa amewahi kuzimia. Hakuna aliyelihusisha jambo hilo na watoto wake mpaka mwaka 2018, na kwa miaka yote ya kifungo kabla ya hapo alibeba badiliko linaloweza kusimamisha moyo, bila daktari wa gereza kuwa na habari. Zipo dawa za kutuliza mapigo, na kipo kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuushtua moyo unapovurugika. Ndugu anayegundulika mapema anaweza kupewa tiba hiyo kabla ya homa inayofuata.